Namna ya Kulisubiri Kombe la Elgon Bila Kuijua Raga

Ikiwa mechi ni Jumamosi nawe umeanza kujiandaa leo Jumatatu, umechelewa. Shabiki kamili wa Kombe la Elgon huanza maandalizi pale pale refa anapopuliza kipenga cha mwisho cha mwaka uliotangulia, hasa kama timu yake imechapwa. Lakini usikate tamaa. Siku tano zinatosha kabisa kumgeuza mtu asiyejua chochote kuhusu raga awe mchambuzi wa kuogopwa kwenye meza yoyote ya nyama choma, kuanzia Ngong Road ya Nairobi hadi Lugogo ya Kampala.

Ya msingi ni machache. Kenya, wanaoitwa Simbas, hukutana na Uganda, wanaoitwa Rugby Cranes, yaani korongo. Mashindano yalianza mwaka 2004. Kila upande hucheza mara moja nyumbani na mara moja ugenini, pointi zinajumlishwa, mwenye nyingi anabeba kombe. Utaratibu huu ni baraka kwa wenye midomo. Ukishinda mechi ya kwanza, kombe limeshafika nyumbani na kilichobaki ni sherehe. Ukishindwa, hujashindwa, mko mapumziko tu. Na usianze utani wako kwa kusema kwamba simba hula korongo. Waganda wameusikia huo hadi umewachosha, na jibu wanalo tayari: korongo huruka.

Halafu jifunze mlima. Hili wengi hulipuuza, kumbe nusu ya ubishi wote ni wa jiografia. Elgon umekaa mpakani, sehemu kwetu na sehemu kwao, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Mganda atakukumbusha hilo kabla hajakusalimu. Usimkatalie, maana ramani ipo. Mwambie tu kwamba pango la Kitum, lile ambalo ndovu huingia gizani kukwangua chumvi kwenye kuta zake, liko upande wa Kenya. Pango halihusiani na raga hata kidogo, lakini kwani kilele kinahusiana?

Onyo moja: usithubutu kuwauliza wanaoishi kwenye mlima huo wanashabikia nani. Wabukusu wa Bungoma na Wagisu wa Mbale ni ndugu wa tangu jadi, na Wasabaoti na Wasebei hali kadhalika. Huko utampata mtu ambaye mjomba ni Mkenya, shangazi ni Mganda, na mpaka wenyewe anauvuka akienda matangani. Mtu wa aina hiyo akikuambia kwamba yeyote atakayeshinda, kombe limebaki nyumbani, amekuharibia wiki nzima. Isitoshe, mechi zenyewe huchezwa zaidi Nairobi na Kampala, mamia ya kilomita kutoka hapo, kwa hiyo wenye mlima habari za kombe lenye jina la mlima wao huzipata redioni kama watu wengine wote.

Sasa historia. Hutakiwi kuijua yote. Jua ile inayokufaa. Shabiki wa Kenya akariri miaka miwili, 2011 na 2013, Simbas walipotwaa ubingwa wa Afrika, kisha akariri matokeo ya mechi moja: 42–7. Hiyo ilikuwa Julai 2022 kule Ufaransa, robo fainali ya Kombe la Afrika, na 42 zilikuwa za Kenya. Zitaje polepole, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kwa bahati tu, kila mara mazungumzo yanapopoa. Kilichotokea katika fainali ya mashindano yayo hayo, Namibia 36 Kenya 0, hakimo kwenye historia. Akikitaja mtu, muulize kama chakula kimeshaagizwa.

Shabiki wa Uganda naye ana mwaka wake, 2007, walipokwenda Antananarivo wakawafunga Madagascar mbele ya watu wao na kurudi na taji la Afrika, miaka minne kabla Kenya haijalionja. Hilo ni kombora, na Mkenya hana kinga nalo. Mganda akizidiwa huhamia raga ya wachezaji saba, ambako Uganda walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2016, 2017 na 2022. Hapo Mkenya anatakiwa akunje uso na kusema, "Ssebo, hapa tunazungumzia raga ya wachezaji kumi na tano." Dakika tano baadaye Mkenya huyo huyo ataruhusiwa kuitaja Singapore, Aprili 2016, Kenya ilipoichapa Fiji 30–7 katika fainali, na kumtaja Collins Injera, ambaye mwaka huo huo aliwapita wote waliowahi kufunga trai katika mzunguko wa dunia wa raga ya saba. Raga ya wachezaji saba huwa mchezo mwingine kabisa pale tu anapoitaja jirani.

Tukija kwenye sheria, hapa ndipo wageni huumbuka. Usiulize kipa ni nani. Usipige kelele za "kona!" mpira ukitoka nje. Trai ni pointi tano, mkwaju unaofuata trai ni mbili, penalti ikipita katikati ya milingoti ni tatu. Utaona wachezaji wanakimbia mbele huku pasi zinakwenda nyuma, jambo ambalo litakushangaza kwa muda mrefu, shangaa kimyakimya. Na mchezaji akivuka mstari wa mwisho akiwa na mpira mkononi, usiruke bado. Lazima auguse chini. Wapo waliovuka mstari, wakainua mkono kuwasalimia mashabiki, mpira ukawaponyoka.

Skramu inataka maelezo zaidi, kwa sababu ndipo utaalamu wako utakapopimwa. Watu kumi na sita wanainama, wanane kwa wanane, wanashikana, kisha wanasukumana kama abiria kwenye mlango wa matatu ya mwisho usiku wa mvua. Lundo linaporomoka. Refa anapuliza kipenga na kunyoosha mkono. Kosa ni lipi? Hakuna ajuaye. Hata waliokuwa mstari wa mbele, pua zao zikigusa nyasi, ukiwauliza jioni kila mmoja atakuapia kwamba alianza yule wa upande wa pili. Kwa hiyo fanya hivi: nyamaza sekunde mbili, tazama mkono wa refa umeelekea upande gani. Ukielekea kwenu, sema, "Nilikuwa namwona huyo tangu mwanzo." Ukielekea kwao, sema, "Hivi refa huyu wamemtoa wapi?" Hakuna mtu aliyewahi kufichuliwa kwa kutumia njia hii.

Na mambo yakiwaendea kombo kabisa, tikisa kichwa, vuta pumzi, sema, "Tunapotezea kwenye raki." Raki ni pale wanapolundikana juu ya mpira ulio chini, kila upande ukiutaka. Kauli hiyo haijawahi kuwa ya uongo, kwa timu yoyote, katika mechi yoyote. Mzee aliyekaa nyuma yako na kofia ya klabu yake ya zamani atakugusa bega na kukuuliza wewe ulichezea timu gani. Jibu ni, "Goti liliniangusha mapema."

Kuhusu jezi, usijisumbue. Kwenye uwanja wa RFUEA, pale Ngong Road, utamwona mtu na jezi ya Afrika Kusini, mwingine na ya New Zealand, na wa tatu na jezi ya klabu ya Wales aliyoiokota kwenye mitumba, wote wamekuja kuishangilia Kenya dhidi ya Uganda. Hao ndio wataalamu. Usibishane nao.

Ikiwa mechi ni ya Kampala na umeamua kusafiri, kitambulisho cha taifa kinatosha. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka mpaka bila pasipoti. Basi la usiku litakufikisha Busia au Malaba saa ambazo hakuna binadamu anayependeza, na hapo ndipo utakapokutana na mashabiki wenzako wakiimba mbele ya afisa wa uhamiaji ambaye hana haraka na hapendi nyimbo. Badilisha fedha. Shilingi zako chache zitazaa maelfu, na kufikia saa tatu asubuhi utakuwa umemnunulia rolex kila mtu aliyekaa karibu nawe, kwa sababu chapati iliyoviringishwa na mayai kwa bei ile humfanya Mkenya ajione tajiri. Utajiri huo huisha saa kumi jioni. Jiwekee nauli ya kurudi kwenye soksi.

Mashabiki wa Kampala watakupokea vizuri mno, na hapo ndipo penye hatari. Watakupisha ukae, watakuuliza hali ya watoto, watakuita shemeji hata kama huna dada. Huo wote ni mtego. Kila trai yao itakapofungwa, wale wale waliokupisha watageuka kukutazama wewe, si uwanja. Vumilia. Zamu yao ya kuja Nairobi itafika, na kule tuna viti vya kuwapisha.

Visingizio viandaliwe kabla ya mechi, wala visingoje matokeo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na shemeji Kampala. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Kampala iko chini ya hapo, kama mita 1,200, na tofauti hiyo imewaokoa wengi. Mganda akifungwa Nairobi, hewa ilikuwa nyepesi, vijana walikosa pumzi. Mkenya akifungwa Kampala, joto lilikuwa kali, vijana wamezoea baridi. Mvua hutumika pande zote mbili. Kingine ni kikosi: sema nusu ya wachezaji wazuri waliachwa nje, lakini usitaje majina, maana mwenzako anaweza kuwa anayajua.

Utabiri wako uwe mpana. "Tutashinda, lakini itakuwa ngumu" imewatosha wachambuzi kwa miaka mingi na wanaendelea kulipwa. Ukilazimishwa kutoa idadi ya pointi, chagua inayotokana na trai tatu, mikwaju miwili na penalti mbili, yaani 25. Inasikika kama umefanya utafiti.

Siku yenyewe, fika umechelewa. Desturi ni kusimama ukiwa umeupa uwanja mgongo, sahani ya nyama mkono mmoja, kinywaji mkono wa pili, ukisimulia mechi ya miaka iliyopita wakati ya leo inachezwa nyuma yako. Umati ukinguruma, geuka uulize, "Ngapi ngapi?" Ukijibiwa, sema, "Kama nilivyosema." Na dakika 80 zikitimia usianze kukumbatia watu, mchezo hauishi mpaka mpira utoke nje au litokee kosa dogo kama la mpira kuponyoka mbele; penalti haiumalizi. Kuna watu waliokumbatia jirani mapema, wakalazimika kumwachilia taratibu huku upande wa pili ukivuka mstari.

Kwa kuchelewa utakuwa umekosa mechi ya wanawake, Lionesses wa Kenya dhidi ya Lady Cranes wa Uganda, ambayo mara nyingi huwekwa kabla ya ile ya wanaume, saa ambazo viti bado ni vitupu. Hapa naweka mzaha kando: ni afadhali kukosa nyama kuliko kuikosa hiyo. Wanagongana vilevile, wanakimbia vilevile, nao hucheza mbele ya wauza maji na wazazi wao kwa sababu sisi wataalamu bado tuko njiani tunabishana kuhusu Wagagai.

Baada ya mechi, wachezaji wa pande zote mbili watakaa pamoja, wale, wanywe, wacheke, wapeane namba za simu. Usiwaige. Wao wamecheza, hasira zao zimekwisha. Zako wewe zinatakiwa zidumu mwaka mzima. Nenda moja kwa moja kwenye sherehe au kwenye visingizio, kutegemea jibu la "ngapi ngapi."

Mtu mmoja tu asikaribishwe kwenye meza yenu, na huyo ni Mzimbabwe. Atasikiliza kwa adabu mambo ya kilele, ya pango, ya 2007 na ya 42–7, kisha ataeleza kwamba Julai 2025, pale pale Kampala, katika uwanja wa Namboole, Zimbabwe iliifunga Namibia 30–28, ikatwaa ubingwa wa Afrika na tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 kule Australia. Halafu atauliza Kenya na Uganda zimewahi kufika Kombe la Dunia la wanaume wa kumi na tano mara ngapi. Jibu ni sifuri, kwa zote mbili, na hilo ndilo jambo pekee ambalo Mkenya na Mganda hawatabishania Jumamosi.