Ukimya Hauna Punguzo

Kwenye kikoba chetu cha Kabanga mkopo hauombwi kwa kunong'ona. Unasimama, unaeleza shida yako, wenzako wanaihoji mpaka ilegee. Mama mmoja aliomba hela ya cherehani, akapewa. Mwingine ya mbegu za maharage, akapewa. Mimi niliposema nataka kufanya mtihani wa usalama wa mtandao unaoitwa Security+, ambao bei yake kule Marekani ilikuwa dola 425, mweka hazina alipiga hesabu kwenye simu, akaitazama ile milioni na ushee, akavua miwani.

"Hicho cheti," mama mmoja wa nyuma akauliza, "kinakamuliwa?"

Swali la haki kabisa. Cheti chenyewe kina uhai wa miaka mitatu, baada ya hapo ukihuishe. Lakini mimi nina steshenari jirani na mpaka wa Burundi, na kazi yangu ya pili, isiyo na malipo, ni kusomea watu meseji. Anakuja mzee, ananipa simu kwa mikono miwili: "Ile hela itume kwenye namba hii." Ameshatuma. Anataka nimrudishie. Nilichoka kuwa daktari wa kuthibitisha vifo, nikataka kujua ugonjwa.

Nikaanza kuinyoa ile bei. Masomo si tatizo. Cisco Networking Academy wana kozi ya utangulizi ya bure, na Professor Messer, Mmarekani mmoja mwenye subira ya mwalimu wa chekechea, ameweka somo zima la Security+ YouTube bila kudai senti. Nilikuwa nafungua video zake saa nane usiku, kwa kifurushi cha usiku, maana cha mchana ni anasa. Ukuta wa chumba changu ni mwembamba. Haukupita muda mrefu jirani akawa anaeleza pale kisimani kwamba siku hizi kwangu kunalala Mzungu, na kwamba anaongea sana.

Kulikuwa hata na mtihani wa bure. Mwaka 2022 shirika la ISC2 lilitangaza kuwafundisha na kuwatahini watu milioni moja bila malipo kwa cheti chao cha mwanzo, Certified in Cybersecurity. Nilijisajili kabla chai haijapoa. Kisha nikasoma kwamba mtihani unafanyiwa kwenye kituo maalumu, na kituo nilichokipata kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Piga nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na shangazi wa Mbagala ambaye huwezi kumfikia mikono mitupu. Ukifaulu, kuna dola 50 za uanachama kila mwaka. Bure ile ilinizidi kipato.

Iliyonitoa ni njia ya kuzunguka. Google wana kozi yao ya usalama wa mtandao kwenye Coursera, na Coursera wanapokea maombi ya msaada wa ada. Unaeleza kwa maandishi kwa nini huwezi kulipa. Mimi nimezaliwa Rulenge, sikujua kama umaskini unaandikiwa insha ya Kiingereza, lakini niliuandika vizuri, wakaukubali. Ukimaliza kozi hiyo unapata punguzo la asilimia 30 kwenye Security+. Ile 425 ikashuka hadi kama dola 297. Kikoba kikatoa, kwa masharti ambayo sitayaandika hapa.

Katikati alijitokeza kijana wa kundi la WhatsApp anayeuza vocha ya mtihani huo huo kwa laki mbili. Nitume kwenye namba yenye jina la mtu mwingine kabisa. Nilimwambia mitihani ya majaribio nimeshafanya mingi.

Mtihani wa Security+ una uzuri mmoja: unaweza kuufanyia ulipo, kamera ikikutazama. Masharti ni chumba kitupu, mlango umefungwa, asiingie mtu, usitoe sauti. Kabanga hilo haliwezekani. Kwanza watu. Pili, simu zetu zinahamia Burundi bila pasipoti: mnara wa ng'ambo ukizidi nguvu, simu inahama pamoja na saa yake, na saa ya kule iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo nikapanga kwenda Biharamulo mjini, niondoke na basi la alfajiri. Kengele niliitega saa kumi. Usiku simu ikavuka mpaka, ikanisubirisha kwa saa za Burundi, ikaniamsha basi limeshapita.

Nilipata lifti ya lori lililokuwa likirudi tupu kutoka Bujumbura. Benaco tukasimama kwa chai, Nyakahura kwa mkaa, mahali pengine kwa sababu dereva alimwona shemeji yake. Lusahunga nikadandia bodaboda. Nilifika gesti nikiwa na rangi ya barabara.

"Muda mfupi au kulala?" mhudumu akauliza.

"Muda mfupi. Niko peke yangu."

Aliinua macho. "Mgeni wako anakuja saa ngapi?"

"Hakuna mgeni. Na asigonge mtu."

Chumbani nikapiga picha pande nne kama walivyotaka. Msimamizi, sijui yuko bara gani, akaandika kwenye skrini: kile cheupe kinachoning'inia ni nini, na nyuma yake kuna nani? Nikashusha chandarua. Akataka kuona chini ya kitanda. Kulikuwa na kandambili moja. Akaridhika, maswali yakaanza. Ni dakika 90 kwa maswali yasiyozidi 90.

Nilikuwa nusu ya njia mhudumu alipogonga. "Dada, maji ya moto tayari."

Nikijibu, nimeongea. Nikifungua, mtihani umekwisha na hela ya kikoba imekwisha nao. Nikanyamaza. Akagonga tena. Kisha kimya, kisha miguu mingi.

"Hajibu?"

"Hajibu. Alikuja peke yake, hana mzigo. Ana kamba nyeusi kwenye mkoba."

Ile kamba ni chaja ya kompyuta.

"Mwite mwenyekiti wa mtaa."

Maswali ya mwisho niliyajibu huku nje wakijadili kama mlango uvunjwe sasa au wasubiri polisi, na nani atalipa kitasa. Nikabonyeza kumaliza. Alama za kufaulu ni 750. Zangu zikatokea juu ya hapo. Nikafungua mlango nikiwa nacheka na machozi yananitoka, jambo ambalo halikuwatuliza.

"Nimefaulu!"

"Umefaulu nini?" mwenyekiti akauliza, ameshika rungu.

"Usalama wa mtandao."

Akanitazama, akakitazama chandarua sakafuni, akaliweka rungu kwapani na kutoa simu. "Basi hebu niangalizie. Kuna mtu anasema ile hela nitume kwenye namba hii."

"Umetuma?"

"Bado."

Wa kwanza tangu nifungue duka. Nikamwonyesha namna ya kuiripoti namba ile kwenda 15040, ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na namna ya kubonyeza *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Foleni ikajipanga koridoni. Nilipotoka jua linazama, na mhudumu akanitoza bei ya kulala.