Waifai Imekununia? Washukiwa Sita, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Simu ya shemeji inaperuzi, simu ya jirani inaperuzi, kompyuta mpakato yako peke yake ndiyo inazungusha kiduara. Kabla hujampigia fundi, kamata mmojammoja.

6. Saa ya mashine. Betri ndogo ya ndani ikichoka, kompyuta inaamka ikidhani tuko 2015. Mtandao wa ofisi au chuo unaotumia vyeti vya usalama utaigomea, maana kwa kalenda yake cheti hakijazaliwa. Rekebisha tarehe.

5. Hali ya ndegeni. Kitufe chenye picha ya ndege. Mtoto kakibonyeza, wewe unaitukana ruta. Usicheke, mafundi wanalipwa kwa hili.

4. Ruta ya kisasa, mashine ya kizee. Ruta ikiwekwa WPA3 peke yake, ulinzi uliotangazwa 2018, kadi ya zamani haitaelewana nayo. Chagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Na kama ruta inarusha gigahezi 5 tu, kuna kadi zinazosikia 2.4 basi.

3. Majina pacha. Wewe mtandao wako umeuita “Nyumbani”, jirani naye “Nyumbani”. Mashine hutazama jina, haijui ukuta ni wa nani, ikaanza kubisha kwa jirani kwa nenosiri lako. Badili jina. Hata “nyumbani” kwa herufi ndogo ni mtandao mwingine kabisa.

2. Mgahawa wa chini. Uliwahi kunywa chai pale, ukaweka tiki ya kujiunga kiotomatiki. Sasa kila ukiwasha, mashine inakimbilia huko na kungoja ukubali masharti. Toa tiki. Chai kanywe kwa miguu.

1. Nenosiri la zamani! Shemeji kalibadilisha kwa sababu wapangaji walikuwa wanapakua filamu usiku kucha. Kompyuta yako haina habari. Inang'ang'ania la kale kama mlinzi anayetii amri za bosi aliyestaafu. Kwenye Windows 11 ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha Manage known networks, ubonyeze Forget, halafu ujiunge upya. Wapenda kidirisha cheusi waandike netsh wlan show profiles: orodha nzima itamwagika, pamoja na ile gesti uliyosema hukulala. Usiifungue mbele ya mwenzio. Jina ukishalipata, netsh wlan delete profile name="Nyumbani" humaliza kazi.

Network reset iache iwe ya mwisho. Hiyo hufuta mitandao yote iliyohifadhiwa, na programu ya VPN huenda ukalazimika kuipanga upya, kwa hiyo nakili manenosiri kwanza.

Na kama hata simu ya shemeji nayo imeanza kuzungusha kiduara, muulize kwa adabu: bili ya intaneti mwezi huu imelipwa?