Namna ya Kupanda Ngong Ukitokea Gatwekera, Kibera

Kwanza uhakikishe mlima upo. Amka kabla majiko hayajawashwa, nenda ukasimame pale relini, kisha utazame upande jua linakozama, kusini kidogo. Ile miinuko minne ya buluu, kama vifundo vya ngumi iliyofungwa, ndiyo Ngong. Mkazi wa Kawangware apande juu ya ghorofa wanakoanika nguo, ataiona vilevile. Kuna masimulizi ya Kimaasai kwamba jitu lilijikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka, na vile ni vifundo vya mkono wake. Ukikuta ukungu umeufunika mkono wote, rudi ulale. Ngong haitazamwi kwa kulazimisha, na Julai ndiyo mbaya zaidi. Ngoja Januari au Februari.

Usiache mtu akuambie kupanda mlima ni starehe ya watu wa magari makubwa. Kuna mwandishi Mdenmark, Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima hivi hadi 1931, na dunia nzima ikaijua Ngong kupitia kitabu chake. Ni sawa. Lakini sisi tunaoiona kila asubuhi tukipiga mswaki nje ya mlango tuna haki ya kuikanyaga, na jambo hili naliamini kuliko ninavyoamini ratiba ya matatu yoyote.

Mazoezi? Umeshayafanya. Kama umewahi kubeba mtungi wa lita 20 kutoka kioski cha maji hadi mlangoni kwako, mvua imenyesha, njia imekuwa sabuni, na bado ukamsalimia jirani bila kumwaga tone, basi mapafu yako yako tayari. Kuruka mitaro nako kunahesabiwa. Kutoka Kibera hadi kilele cha Lamwia, chenye mita 2,460, unaongeza zaidi ya mita 700 kwenda juu, na sehemu kubwa gari litakusaidia.

Viatu vitafutwe soko la Toi, na mapema, kabla wachuuzi wa mitaa mingine hawajachagua. Usinunue kwa rangi. Kamata kiatu, ukikunje: soli ikikunjika kama chapati, kirudishe kwa heshima. Tafuta raba yenye meno chini, maana nyasi za Ngong zikiwa na umande huangusha hata mbuzi. Soksi ziwe mbili. Sweta ni lazima, na kina mama wabebe leso mbili: moja ya kujifunga dhidi ya upepo, nyingine ya kukalia.

Chakula kipikwe usiku. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, njugu, uji kwenye thamosi, na maji lita mbili kwa kila mtu. Ukishaingia kule juu hakuna duka, hakuna kibanda, hakuna mtu wa smoki. Sisi tumezoea kwamba kila baada ya hatua kumi kuna mtu anayeuza kitu, kwa hiyo jambo hili nalirudia: hakuna.

Saa kumi na mbili asubuhi muwe barabarani. Wa Kibera wapande hadi Ngong Road, pale Adams. Wa Kawangware washuke hadi Dagoretti Corner. Matatu ni 111. Kaeni upande wa dirisha, maana mtapita Karen yenye nyua ndefu za miti, na watoto watauliza maswali. Wajibuni ukweli. Mkishuka Ngong mjini, bodaboda zitawafikisha kwenye lango la Huduma ya Misitu. Malipo hupitia eCitizen, kwa hiyo weka pesa kwenye simu mapema, na simu iwe na chaji. Ombeni pia askari wa msitu awasindikize. Mgongo wa vilima una mabonde yaliyojificha, nyati huonekana, na kikundi chenye watoto na mathe wa miaka sitini hakina sababu ya kubahatisha.

Kitu cha kwanza kukukaribisha ni sauti. Utadhani ni lori linapanda, kumbe ni mapangaboi ya KenGen, yale meupe marefu yanayotengeneza umeme wa upepo. Ya kwanza yalisimikwa hapo 1993, na leo kituo kizima kina uwezo wa megawati 25.5. Simama chini ya moja, uinue kichwa, usikilize bawa likikata hewa. Watoto wa nyumba ambayo taa huzimika bila taarifa wana mengi ya kufikiri wakiwa pale, na ni vizuri kuwaacha wafikiri.

Halafu njia inashika mgongo. Kutoka mbali ni vifundo vinne, lakini wanaoifuata huhesabu vilima saba hadi mwisho, na ni zaidi ya kilomita kumi za kupanda, kushuka, kupanda tena. Hapa kuna kanuni moja tu ya mwendo: anayeenda polepole zaidi ndiye atangulie. Mkifanya kinyume, vijana watafika kilima cha tano wakati mama bado yuko cha pili akijisikia mzigo. Mkikutana na mchungaji na ng'ombe wake, mpisheni. Akisema “Sopa”, jibuni “Epa”. Ni nyumbani kwao.

Kwa kuwa mnaelekea kusini, mkono wa kulia ardhi inakatika. Inaporomoka tu, na chini kabisa Bonde la Ufa limelala, rangi ya ngozi ya simba wakati wa kiangazi. Kaskazini-magharibi mtaona milima ya Suswa na Longonot. Kusini-magharibi, kuelekea Magadi, kuna Olorgesailie, ambako binadamu wa kale waliacha mashoka ya mawe mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Nyamazeni kidogo. Picha zitapigwa tu, zisiwahi macho.

Ila wengi hukosea hapa: hutazama bonde, wakala, wakaondoka. Geukeni. Mkono wa kushoto ndiko tulikotoka, na kupatafuta kwetu ndiyo kazi kubwa ya siku. Anza na maghorofa ya Upper Hill, kisha rudisha macho taratibu kuja kwako hadi ukutane na msitu wa Ngong Road. Kabla kijani hakijaanza kuna kiraka cha rangi ya kutu. Hapo. Wanubi walipaita Kibra, yaani msitu, na ukiwa juu unaelewa kwa nini, maana miti bado imekaa kando yake kama jirani aliyegoma kuhama. Kawangware itafute kushoto zaidi, ng'ambo ya Ngong Road.

Mara ya kwanza nilikwenda na jirani anayeuza mandazi kule Lindi, hapahapa Kibera, mama ambaye kwa miaka mingi safari zake zilikuwa za mazishi ushago tu. Alitandika leso, akafuata kidole changu.

“Kwetu ni pale pote, mwanangu?”

“Ni pale, mathe.”

“Mbona ni padogo hivyo.” Akanyamaza. Upepo ukampiga, akajifunga vizuri. “Na watu wote wale!”

Hakusema zaidi, nami sikuongeza. Tulikaa mpaka uji ukaisha. Kwa hiyo tengeni muda wa kukaa, angalau nusu saa, na msimharakishe mtu anayetafuta paa lake.

Njia inateremka hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, na magoti yatalalamika kuliko yalivyolalamika kwenye kupanda. Shukeni kwa upande, mshikane mikono. Kutoka hapo kuna magari ya Kiserian. Wa Kibera waendelee kwa njia ya Rongai na Langata. Wa Kawangware wazunguke kurudi Ngong, wapande 111 ileile. Kila mtu arudi na takataka zake, hadi maganda ya mayai.

Usiku, miguu kwenye karai la maji ya moto yenye chumvi. Jirani akichungulia mlangoni kuuliza mlikuwa wapi, mtajie gharama yote, nauli kwa nauli, aanze kuweka kidogokidogo. Kisha tafuteni Jumapili isiyo na mazishi wala mkutano wa chama, muiandike ukutani.