Viatu Saba vya Ngozi, Kutoka Kinachokaba Hadi Kinachopumua

Miguu miwili ya mtu ina tezi za jasho takriban 250,000, na joto likizidi zote zinachapa kazi. Ngozi ya mnyama iliyosindikwa vizuri hulifungulia jasho hilo njia. Nyuzi zake za kolajeni zimefumana kama wavu wa samaki uliokunjwa mara nyingi: mvuke hupenya katikati, na nyuzi zenyewe hunyonya unyevu kisha huutoa kiatu kikishavuliwa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia, "Ngozi orijino hii, bosi," amekupa nusu ya habari. Nusu nyingine ni kilichopakwa juu, kilichoshonwa ndani na kilichogandishwa chini. Haya, tuanze na mshika mkia.

7. Ngozi bandia
Ni kitambaa kilichopakwa plastiki na kugongwa alama za vinyweleo ambavyo havijawahi kuota unywele hata mmoja. Jasho halina pa kutokea, linabaki humo pamoja na bakteria, na bakteria ndio wanaoleta ile harufu inayomfanya mgeni asite kuvua viatu mlangoni. Bei ni nafuu, lakini deni linalipwa na soksi.

6. Ngozi ya kung'aa, ile ya bwana harusi
Seth Boyden alianza kuitengeneza huko Newark, Marekani, mwaka 1819, kwa kuipaka ngozi vanishi ya mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka. Siku hizi tabaka hilo mara nyingi ni plastiki. Chini yake ipo ngozi halisi, maskini, imezibwa mdomo. Ivae kwenye nikaha, piga picha, kula pilau, kisha ivue haraka.

5. Ngozi ya tabaka la chini
Kiwandani, ngozi nene ya ng'ombe hupasuliwa mapande mawili. La juu, lenye vinyweleo, ndilo lenye heshima. La chini likipakwa plastiki nzito huuzwa kwa jina la "ngozi halisi", na jina hilo si uongo. Ila mvuke haujui kusoma lebo.

4. Corfam
Kampuni ya DuPont ya Marekani ilihangaika miaka mingi kuunda ngozi ya maabara yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ikaitangaza mwaka 1963. Mvuke ulipita kweli, na kuisafisha ilitosha kuipangusa kwa kitambaa. Tatizo ni kwamba haikukubali kulegea na kufuata umbo la mguu, na wavaaji walilalamika kwamba inabana na kuchemsha. Mwaka 1971 DuPont ilikunja jamvi, hasara ikikadiriwa kufikia dola milioni 100. Wanakemia wote wale, na ng'ombe amewashinda huku anacheua tu!

3. Kiatu cheusi cha shule
Huyu ni mchapakazi. Ngozi ya tabaka la juu ikipakwa rangi nyembamba hupumua vizuri. Soli ya mpira ndiyo inayofunga mlango wa chini. Usimwongezee mzigo kwa kulundika kiwi juu ya kiwi, maana nta nzito huziba. Paka kidogo, piga brashi sana. Mpe na likizo: unyevu wa kutwa nzima hauishi kwa usiku mmoja, hivyo mwenye jozi mbili azipokezane. Kikilowa mvua, kijaze magazeti na ukiache kivulini penye hewa. Kukibanika karibu na moto ni kukionea, kwa sababu ngozi hukakamaa na kupasuka.

2. Swedi
Ngozi iliyosuguliwa mpaka ikaota vinyuzi laini, haina tabaka la rangi juu yake, na mvuke hupita bila kupiga hodi. Kasoro yake ni ukarimu uliopitiliza: hulipokea jasho, hulipokea vumbi, na matope ya masika nayo huyakaribisha. Isafishe kwa brashi kavu, na siku ya mvua iache nyumbani.

1. Makubadhi
Hapa mabishano yamekwisha. Ngozi juu, ngozi chini, na vidole vinapungwa na upepo wa bahari. Kandambili za plastiki nazo huacha vidole wazi, lakini wayo hutota jasho na kuteleza; soli ya ngozi hulinyonya jasho hilo na mguu ukatulia. Ngozi inayosindikwa kwa tanini ya magome, kama ya miwati iliyopandwa Njombe na Eldoret, huwa imara vya kutosha kukanyagiwa na bado hupitisha mvuke. Fundi wa pwani anayeshona makubadhi kwa mkono anastahili bei anayoitaja. Lipa, usimsumbue mzee wa watu!

Basi ukiwa dukani, usitosheke na neno ngozi. Tazama ukingo uliokatwa kama una nyuzi au kitambaa, ingiza mkono uguse bitana kama ni ngozi au plastiki, kisha pindua uangalie soli. Kiatu kikifeli majaribio yote matatu, mrudishie muuzaji kwa adabu na usonge duka la pili. Viatu vipo vingi. Miguu haina vipuri.