Mzinga Uliouza Majana Yake

Katika milima ya Vulamba, baina ya Lubero na pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Beni, palikuwa na mzinga wa nyuki uliotundikwa juu ya mti mkubwa, mzinga wenye jina na heshima zake. Sisemi ilikuwa zamani za kale, maana mikaratusi ilikuwa imekwisha kupandwa, na mkaratusi si mti wa mababu. Nyuki wa mzinga ule walichuma mbochi katika mikaratusi hiyo na katika maua ya kahawa, ambayo huchanua kwa siku chache na kunyauka. Na kila msimu wa maua ulipokwisha, mizinga yote ya milimani na ya bondeni ilipeleka asali yake chini ya Ruwenzori, mlima ambao kilele chake kimefika mita 5,109 na ambao haujapata kumshangilia yeyote. Huko korongo mwenye taji aliyapima masega, na mzinga uliowazidi wenzake ulipewa ngao, ukarejea nayo kwao kwa ngoma na vigelegele.

Kwa misimu mingi ngao ile ilibaki ng'ambo ya Semuliki, kwa mzinga wa huko. Nyuki wetu walikuwa wa pili, au wa tatu, na mara moja wa pili kwa tofauti ya tone. Jambo hilo halikuwauma wao sana kama lilivyowauma nyenje na panzi wa mlima ule, ambao hawajawahi kuchuma hata chembe ya chavua, lakini kila jioni waliketi chini ya mti na kuimba aibu ya mzinga mpaka usiku wa manane.

Ndani ya mzinga mlikuwa na dume mmoja, mnene wa kiwiliwili, mwenye macho makubwa yaliyokutana utosini. Dume la nyuki, kwa asiyejua, halichumi, halijengi nta, wala halina mwiba wa kulinda mlango; lina kazi moja tu, nayo hufanyika angani mara moja na kuliua. Dume huyu aliikwepa kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, akajitafutia nyingine, yaani uenyekiti. Wote wakamwita Papa Dume, naye akaitika.

Siku moja, baada ya nyenje kuimba kupita kiasi, Papa Dume aliitisha baraza. Akasema amezungumza na wakubwa wa ng'ambo, nao wako tayari kuwaachia warukaji wanne, mabingwa ambao majina yao yalijulikana tangu Mutwanga hadi Kyondo. Bei yao ilikuwa majana yote yaliyolala katika sega wakati ule, pamoja na mayai ya misimu miwili ijayo, yale ambayo Mama Malkia alikuwa bado hajayataga. “Majana ni nini?” akauliza. “Ni funza weupe, wanakula mchana kutwa na hawajaleta hata tone. Tunatoa kisichoruka, tunapata kinachoruka.” Baraza likavuma kwa furaha.

Akaongeza hoja nyingine, na hapa sina budi kumpa haki yake. Akawakumbusha mzinga wa upande wa Musienene, uliojulikana kwa kutouza hata jana moja. Kila msimu wazee wa mzinga ule walisema, “Ngojeni vijana wetu wakomae.” Vijana wakakomaa, wakachuma, wakachakaa, na wazee wakaonyesha vijumba vya nyuma yao na kusema tena, “Ngojeni hawa.” Mwisho kundi zima la walio hodari likatoka asubuhi moja na kwenda kukaa katika tundu la mti jirani, na wazee wakabaki wakiwasifu funza. “Je, mnataka tuwe hivyo?” Hakuna aliyetaka, nami nisingetaka.

Ndipo akasimama nyuki mmoja mzee, ambaye mbawa zake zilikuwa zimepukutika kingo kwa kazi ya mashambani. “Papa,” akasema, “mimi sikatai kununua. Msimu ule tulioshindwa kwa tone, laiti angeuzwa mrukaji mmoja, ningelikata sega moja mimi mwenyewe. Lakini hawa wanne nimewaona mauani, na mbawa zao ni kama zangu. Jana huchukua siku kama 20 tangu yai hadi kutoka chumbani. Hukaa ndani kama wiki tatu akilea na kusafisha, ndipo atoke kuchuma, na akishatoka hana siku nyingi. Wa ng'ambo wamekwisha kuzihesabu siku za hao mabingwa, ndiyo maana wanawauza. Na hayo mayai ambayo hayajatagwa, siku watakapokuja kuyachukua, nani kati yetu atakuwa hapa wa kuulizwa?” (Hekaya huyarefusha maisha ya nyuki; msomaji asinishike ulimi kwa hesabu ya misimu.)

Papa Dume akatabasamu, akasema, “Bibi amechoka, apewe asali apumzike.” Baraza likacheka, na mkataba ukapigwa muhuri wa nta siku hiyo hiyo.

Mabingwa wakaja. Walilazwa katika vyumba vya majana, kwa kuwa vilikuwa vimebaki vitupu, na walidai kulishwa chakula cha malkia, wakalishwa. Msimu ulipoanza walichuma kwa namna ambayo mlima ule haukuwa umeiona: walitoka kabla ya umande kukauka, wakajua mkaratusi upi umefunguka kabla ya wenyeji kuujua, na masega yakajaa hadi mlangoni. Chini ya Ruwenzori korongo akapima mara mbili kwa kutoamini, kisha akawapa ngao. Ndiyo, walishinda, na anayesema ushindi ule haukuwa mtamu hakuwapo. Nyenje waliimba siku saba. Hata Bibi alicheza. Ngao ikatundikwa katikati ya mlango ili kila apitaye aione, na tangu siku hiyo wachumaji wenye mzigo wakalazimika kuizunguka ili waingie ndani.

Wa kwanza kati ya mabingwa alianguka katika shamba la maharage kabla shangwe hazijaisha. Watatu wakamfuata kabla ya mvua. Bibi naye alitoka asubuhi moja akawa hakurudi. Kisha wajumbe wa ng'ambo wakafika na mkataba wao, wapole sana, wenye kushukuru sana, wakachukua mayai ya msimu wa kwanza. Wakarejea, wakachukua ya msimu wa pili. Wakati huohuo kule ng'ambo majana ya zamani yalikuwa yametoka vyumbani yakiwa nyuki wenye mbawa nzima, na katika mashamba ya kahawa wenyeji wetu walianza kusukumwa mauani na nyuki wenye sura za dada zao.

Papo hapo Mama Malkia akafa. Kwa kawaida msiba huo una dawa yake: huchukuliwa jana ambalo halijatimiza siku tatu, likalishwa chakula cha malkia mfululizo, likawa malkia mpya. Walezi wakakimbilia kwenye sega na kukuta kila jana la umri huo limetiwa alama ya wa ng'ambo. Wakaenda kumwuliza Papa Dume kama mkataba unaweza kujadiliwa, wakaambiwa aliondoka jana yake jioni. Dume halina mwiba, na walinzi wa mizinga mingi hawalizuii. Yeye alikuwa amekwisha kupokewa upande wa Musienene, kwa vigelegele, kama mtaalamu aliyewahi kutwaa ngao.

Mzinga usio na malkia wala jana la kumfanya malkia huingiwa na wazimu wa aina yake: vibarua wenyewe huanza kutaga. Lakini mayai yao hayana baba, na katika mayai hayo hutoka madume tu. Basi yakatoka madume, mengi, manene, yenye macho yaliyokutana utosini, na kila moja likaomba kiti. Vibarua waliobaki, wachache na wenye mbawa zilizokatika, wakawa wanachuma mchana kutwa kuwalisha wenyeviti.

Wenyeviti hao wakakaa baraza, hoja ikiwa moja: msimu unakaribia na ngao lazima ibaki mlimani. Wakakubaliana kwa sauti moja kwamba dawa ni kununua mabingwa. Mmoja akauliza watatoa nini, maana majana hayapo na mayai yaliyopo hakuna anayeyataka. Kukawa kimya kidogo. Kisha dume mmoja aliyesifika kwa hekima akapendekeza iwekwe rehani ngao yenyewe, na hoja ikapita bila kupingwa.