Jogoo wa kamati

Chini ya Mlima Hanang, upande unaotazama Ziwa Balangida, wanyama wa kijiji kimoja walimkabidhi Jogoo ratiba zao zote. Alfajiri amwamshe Punda akateke maji. Siku ya mnada wa Katesh awaite wenye mizigo ya vitunguu saumu kutoka Mbulu. Na kila mwezi uandamapo, asubuhi yake, awike wito mrefu wa ng'ombe kwenda Balangida kulamba chumvi.

Shida ilikuwa ukungu. Mlima wa mita 3,400 na ushee hauombi ruhusa kujifunika, na siku ukiteremsha ukungu hadi mabandani, Jogoo hulala mpaka jua la utosi. Akiamka hutazama ya mbele tu: wito uliopita umepita, hungoja mwezi mwingine. Ng'ombe wakaanza kutafuna mifupa na kulamba kuta.

Mnana, fundi wa kusuka, akaja na dawa. Alimfunga Jogoo uzi mguuni: kila wito akiutimiza, apige fundo. Siku akichelewa kuamka, kabla ya kudonoa hata punje, apapase uzi. Fundo likikosekana, awike papo hapo, mara moja tu, hata kama miito mitatu imempita. Wanaolinda kompyuta za Linux wanaujua uzi huo. Kipima-muda cha systemd kilichowekewa kipengele cha Persistent huacha alama ya mara ya mwisho kilipofyatuka, na mashine iliyozimwa ikiwashwa, kazi iliyopitwa hufanywa mara moja.

Ikaundwa Kamati ya Majaribio, mwenyekiti Fisi. Ilikaa saa sita mchana chini ya mgunga, supu ikichemka. Fisi akasafisha koo: "Jogoo, wika wito wa chumvi!" Jogoo akawika. Makofi. Ripoti ya ufanisi ikapelekwa Babati kabla supu haijapoa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Nungunungu, "hapo mmepima koo. Koo halikuwa linaumwa."

"Wewe mla viazi vya watu! Usiku unazurura, mchana unakuja kutufundisha?"

"Nazurura usiku, ndiyo maana najua asivyowika."

Mwenyekiti alikereka, lakini ng'ombe walikuwa wakisikiliza. Kungoja mwezi uandame? Bado siku ishirini, na posho ilikuwa ya siku moja. Mjumbe Kima akaona njia fupi: Jogoo adanganywe kwamba mwezi umeandama leo. Wakamdanganya. Wito wa chumvi ukatoka vizuri, ila ratiba nyingine nazo zilihesabiwa kwa mwezi huohuo: Punda akafika Katesh na magunia mawili ya vitunguu saumu, akakuta uwanja mtupu. Aliporudi hakumsemesha mtu.

Ndipo wakamwachia Nungunungu. Hakugusa mwezi. Alimpa Jogoo wito mpya mdogo, wa majaribio: kivuli cha mgunga kikifika jiwe jeupe, awike. Kabla hakijafika akamfunika kwa tenga, magunia juu, usingizi ukamchukua. Kivuli kikalipita jiwe. Tenga likafunuliwa, Jogoo akapapasa uzi, akawika mara moja. Kamati ikainuka iende zake. Nungunungu akamfunika tena palepale, akamfunua. Akawika tena! Akamfunika, akamfunua, akawika.

Mnana akatua kutazama. Kumbe alimfundisha kupiga fundo kwa wito uliotoka kwa wakati wake. Kwa wito wa kuchelewa hakumwambia neno. Hakununa. Alikaa na Jogoo mpaka jioni, na kesho yake tenga likafunuliwa na kufunikwa hadi likalegea: wito mmoja, kisha kimya. Mwisho wakamwacha macho, akawika kwa wakati, ndipo wakamfunika. Alipofunuliwa hakuwika. Jaribio hilo nalipenda kuliko yote, maana wengi hupima kitu kitokee, wachache hupima kisitokee.

Mwezi ukaandama, ukungu ukashuka hadi mabandani. Saa nne asubuhi Jogoo akaamka, akapapasa mguu, akawika mara moja. Ng'ombe wakashika njia ya Balangida. Fisi, aliyeamshwa na wito huohuo, akachukua kalamu akaandika: Jogoo amechelewa kuwika. Akaomba posho ya kuchunguza.