Sifa za Swali la Ubia Uliovunjika

Katika maandishi yote wanayosomeshwa vijana wa Afrika Mashariki, sidhani kama kuna yanayosomwa kwa makini na kuchukiwa kwa moyo mmoja kama swali la uhasibu wa ngazi ya juu. Linaanza kwa upole: Asha, Bakari na Chausiku ni wabia wanaogawana faida na hasara sawasawa. Sentensi ya pili wamekwisha kosana. Ya tatu wamemwita mfilisi, mali inauzwa kwa mafungu, mmoja wao hana hata senti, na mtahiniwa hana hata saa nzima ya kuwaachanisha kwa haki. Kama si hilo, basi ni kampuni mama iliyonunua asilimia 75 ya kampuni tanzu katikati ya mwaka, tanzu nayo ina tanzu yake, na ghala la mmoja limejaa bidhaa za mwenzake. Au ni kampuni iliyozama kwenye madeni, inaomba kufuta sehemu ya mtaji wake ipate kuanza upya. Watahiniwa wa bodi za uhasibu, NBAA kule Tanzania na KASNEB kule Kenya, huyaita maswali haya majina yasiyofaa kuchapwa. Mimi nayaita fasihi, tena fasihi ya juu, na nina hoja. Tuna ufundi mwingi wa kuanzisha mambo: uzinduzi, ufunguzi, kukata utepe, hotuba ya mgeni rasmi, keki. Kuhusu kuyamaliza, tunacho kitu kimoja tu kinachouliza mapema, kwa sauti kavu, kabla hajalia mtu: mkiachana nani atachukua nini, na deni la asiyekuwa nacho litalipwa na nani?

Tazama linavyowatendea wale watatu. Tuseme Asha aliweka shilingi milioni 90, Bakari milioni 60, Chausiku milioni 30. Wadai wa nje wamekwisha lipwa, na mauzo ya kwanza yamemwachia mfilisi milioni 30. Mtu mwenye huruma angegawa kumi kumi, watu wakaenda zao. Anayejiona mjuzi kidogo angefuata uwiano wa mitaji: 15, 10 na 5. Swali linawakatalia wote wawili. Linamwamuru mfilisi achukulie kwamba fedha aliyoishika ndiyo ya mwisho, na kwamba mali iliyobaki, ambayo vitabuni ni ya milioni 150, itaungua, itaibwa au italiwa na mchwa kabla haijapata mnunuzi. Hasara hiyo ya kubuni inagawanywa kwa tatu, kila mbia anabeba 50. Chausiku mwenye 30 anajikuta anadaiwa 20, na kwa kuwa mfilisi anatakiwa kudhani pia kwamba Chausiku hana kitu mfukoni, deni hilo linawaangukia wenzake kwa uwiano wa mitaji yao: Asha 12, Bakari 8. Mwisho wa hesabu Asha anapokea milioni 28, Bakari milioni 2, na Chausiku anaambiwa asubiri mauzo yajayo. Ni ugawaji unaofanana na uonevu. Lakini mpe Chausiku milioni zake 5 leo, kisha mali iliyobaki iungue kweli, halafu jaribu kumfuata nyumbani kwake kuzidai. Ubaya wa dhana ya mfilisi ndio unaomwezesha asiwe mbaya baadaye. Hakuna somo jingine shuleni linalofundisha kudhani mabaya kwa ajili ya wema.

Kanuni ya kumbebesha mwenye mtaji mkubwa sehemu kubwa ya pengo la mwenzake haikutungwa na watahini, ingawa inafanana nao. Ilitoka mahakamani Uingereza mwaka 1903, katika kesi ya Garner dhidi ya Murray. Hao wawili walikuwa na mbia wa tatu aliyeitwa Wilkins. Waliweka mitaji isiyolingana lakini wakakubaliana kugawana faida sawa. Ubia ulipovunjwa, Wilkins alikuwa anadaiwa na hana cha kulipa. Sheria ya Ubia ya 1890 ilikuwa imesema hasara igawanywe kama faida inavyogawanywa, ikanyamaza kuhusu mbia aliyeshindwa kulipa sehemu yake. Jaji Joyce aliona kwamba pengo la Wilkins halikuwa hasara ya biashara bali deni la mtu kwa wenzake, na kwamba baada ya kila mwenye uwezo kulipa sehemu yake ya hasara, kilichobaki kigawanywe kwa uwiano wa mitaji. Aliyewaamini wenzake kwa fedha nyingi zaidi ndiye aliyeumia zaidi. Na zaidi ya karne moja baadaye, vijana wa Mwanza na Kisumu bado wanatoa jasho kwa ajili ya pengo la Wilkins bila kujua alikuwa mtu wa namna gani. Matajiri wangapi walioacha majumba wamesahaulika! Yeye aliacha upungufu, na jina lake linafufuliwa kila msimu wa mitihani. Ila jambo lenye uzito zaidi katika kesi hiyo ni hili: kanuni yake inatumika pale tu ambapo wabia hawakuandika mapatano mengine. Sentensi moja kwenye mkataba wa ubia ingetosha kuizuia. Watu watatu waliona haya kuulizana swali siku ya kwanza, jaji akawaulizia siku ya mwisho.

Waswahili wa pwani hawakuhitaji kwenda London kujifunza haya, maana elimu ya mirathi ya Kiislamu imekuwa ikiwakabili watu na hesabu zisizokubali tangu zamani. Mume akifariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama, mafungu ni thumuni, theluthi mbili, sudusi na sudusi. Yajumlishe kwa sehemu za ishirini na nne, utapata 27. Mali ni moja, mafungu yamezidi mali. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa mas'ala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa moja ya tisa: kila mmoja anapunguziwa kwa kadiri yake, na 27 inakuwa ndiyo jumla. Wanazuoni wanaita njia hiyo aul, na si madhehebu yote yanayoikubali. Ninachokiheshimu ni kwamba swali halikufichwa kwa ajili ya msiba. Liliulizwa hadharani, likajibiwa kwa namba.

Upande wa hesabu za kundi la makampuni, fadhila ya swali letu ni kukataa kujidanganya. Kampuni mama ikiiuzia tanzu yake kwa milioni 100 bidhaa iliyogharimu milioni 80, na bidhaa hiyo bado iko ghalani, swali linataka milioni 20 za faida zifutwe zisionekane. Mama akimuuzia binti yake kanga ndani ya nyumba moja, nyumba haikutajirika. Wote wawili wanaweza kushangilia mpaka jirani wasikie, kanga ni ileile. (Kwamba uhasibu huohuo mkali, kampuni ikinunuliwa kwa bei inayozidi thamani ya mali zake, huiandika ziada ile kuwa mali na kuiita gudwili, ni udhaifu ambao hata mpenzi wa kweli humstahia mpenziwe.) Aliyetaka kuona gharama ya kulikwepa swali hili aliiona Marekani mwaka 2001. Kampuni ya nishati ya Enron ilikuwa na makampuni ya pembeni yaliyobeba madeni yake. Kwa taratibu za wakati ule, kampuni ya namna hiyo iliweza kubaki nje ya hesabu za kundi iwapo watu wa nje walikuwa wameweka walau asilimia 3 ya mtaji wake kwa hatari yao wenyewe. Kampuni moja ya pembeni, Chewco, haikufikisha hata hizo. Novemba 2001 Enron ililazimika kurekebisha hesabu zake kuanzia mwaka 1997, faida ya zaidi ya dola milioni 500 ikayeyuka, na tarehe 2 Desemba ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mtahiniwa anayefuta milioni 20 za kanga saa nne asubuhi anafanya kazi ambayo wakubwa waliolipwa vizuri sana hawakutaka kuifanya.

Lakini kwa ubia uliovunjika hasa, hatuna haja ya mfano wa mbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa na kila kitu ambacho mtahini angekitamani. Wabia watatu, biashara kubwa nne, na mali iliyotawanywa kwa makusudi: makao makuu ya reli na ya shirika la ndege Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, na ya Jumuiya yenyewe Arusha. Mkataba wa 1967 ulieleza kwa kirefu namna ya kushirikiana. Ulipovunjika mwaka 1977, mgao wa kwanza ulifuata kanuni ambayo haimo katika kitabu chochote cha uhasibu: kilichokutwa kwangu ni changu. Ndege, mabehewa, meli na mitambo vikapata uraia kwa bahati ya mahali vilipokuwa vimeegeshwa. Ndipo akaitwa mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, aanze kuhesabu kitu gani kiko wapi na kina thamani gani. Alianza 1978. Makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Uganda, ambayo mali iliyokutwa katika ardhi yake ilikuwa pungufu ya fungu lake, ikastahili kufidiwa na wenzake. Jumla yake ni 100 kamili, na hapo mwanafunzi mwenye haraka angepiga mistari miwili chini ya jibu.

Miaka 6 kwa swali moja! Watu humcheka mtahiniwa aliyeshindwa kulimaliza kabla ya kengele. Na bado jibu lile lilikosea mahali ambapo swali la darasani halikosei. Katika kila kitabu, wadai wa nje hulipwa kwanza, kisha mikopo ya wabia wenyewe, kisha mitaji, na ziada mwishoni. Huo ndio mpangilio wa sheria ile ya 1890 na hakuna mtahiniwa anayesamehewa akiugeuza. Wafanyakazi waliokuwa na mafao yao katika mashirika ya Jumuiya walikuwa wadai. Makubaliano yakaiachia kila nchi kuwalipa watu wake, na wastaafu wa Tanzania wakaendelea kudai barabarani na mahakamani miaka mingi baada ya wabia kukwisha gawana. Mtu aliyepata alama sifuri kwa kuwalipa wabia kabla ya wadai anaweza kujifariji kwamba alikuwa akijiandaa kwa kazi za juu.

Atasimama mtu aseme kompyuta inafanya hesabu hizi kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kuwatesa vijana nazo ni ukoloni wa kalamu. Kujumlisha, kweli, inafanya. Chukua Kenya Airways, iliyozaliwa 1977 kutokana na kuvunjika kwa shirika la ndege la Jumuiya. Mwaka 2017 ilipopanga upya mtaji wake, madeni yaligeuzwa hisa: serikali ikawa na asilimia 48.9, benki zilizokuwa zikidai zikawa na 38.1, na KLM ikashuka kutoka 26.7 hadi 7.8. Mashine yoyote ya dukani ingetoa asilimia hizo. Haikuwepo ya kuamua nani akubali kupungua, na mkopeshaji aliyeomba fedha zake arudishiwe karatasi za umiliki kwa thamani gani. Swali la darasani linamlazimisha kijana kukaa kwenye kiti hicho na kukata, kisha kueleza kwa nini alikata pale. Hata akikosea, amekosea akiwa na umri ambao makosa hugharimu alama tu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Maswali haya ni ya uongo, wanasema, kwa sababu yanakubali. Urari unalingana, kila deni lina risiti, mbia aliyechukua gari amekubali lihesabiwe kwa bei fulani na wala hajabadili nia. Duka la kweli la wabia watatu lina daftari moja lililolowana, mkopo uliotolewa kwa mdomo, na shemeji aliyekula bidhaa. Nakiri kwamba ni kweli, na hapo ndipo sifa zangu zinapozidi. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Swali la uhasibu ni picha ya dunia ambamo usia huo ulifuatwa na kila mtu, hata na wagomvi. Ni hadithi ya kufikirika kuliko zote tulizonazo. Asha na Bakari wamekosana kiasi cha kutotazamana, lakini vocha zao ziko kwenye faili kwa tarehe. Anayesoma hilo na asitamani kuishi humo hana moyo.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: kuzungumzia mwisho ni kuuita. Wabia wapya wakianza kuandika nani atachukua mashine ya kusaga, wameshaanza kuachana. Historia yetu inasema vingine. Makubaliano yaleyale ya 1984 ya kugawana mabaki yalikuwa na kifungu cha 14, ambamo nchi tatu ziliahidi kutafuta maeneo ya kushirikiana tena. Mkataba mpya uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unayataja makubaliano hayo katika utangulizi wake, pamoja na sababu za kuvunjika kwa ubia wa zamani, mojawapo ikiwa mgawanyo wa manufaa usio na uwiano. Safari hii wabia waliandika pia namna mmoja wao anavyoweza kujitoa, kwa notisi ya miezi 12. Sasa wamefika wanane, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia mwaka 2024, na michango ya wengine hucheleweshwa kama ada ya kikoba. Mtahini mwenye ujasiri anaweza kulitunga swali lao tangu leo, wote wangali hai na wanapigiana picha: wabia wanane, mitaji isiyolingana, wawili au watatu hawajalipa, mali iko Arusha. Alama 25 zitakuwa chache. Ampe mtahiniwa 40, na karatasi za ziada.